Konkodansi ya kompyuta ni nini, na ina kazi gani katika darasa la historia?

Konkodansi ni orodha inayoonyesha kila mahali neno linapotokea katika maandishi fulani, pamoja na maneno machache yanayolitangulia na kulifuata. Wanaojifunza Biblia wameizoea. Zamani iliandaliwa kwa mkono, kazi ya miaka mingi. Mwaka 1949 padre Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alikwenda kuomba msaada wa kampuni ya IBM ili apange maneno ya Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, na ya waandishi wanaohusiana naye, jumla yapatayo milioni 11. Hata kwa mashine, vitabu 56 vya konkodansi hiyo vilichapwa miaka ya 1970 kuelekea 1980. Leo kompyuta ya kawaida hupekua hati fupi kufumba na kufumbua, bila hata intaneti.

Kwa mwalimu wa Arusha, hati ya kuanzia ipo nyumbani: Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wanafunzi wengi hulikariri kwa maneno mawili, ujamaa na kujitegemea, wakajibia mtihani bila kulisoma. Sasa waambie watafute neno “fedha”. Mistari itafurika, hasa katika sehemu ya tatu. Anayehesabu tu atasema TANU, chama kilichotoa Azimio, ilitukuza fedha. Anayesoma mistari yenyewe ataona kinyume chake: Azimio linasema tulikosea kuifanya fedha kuwa silaha yetu kuu ya maendeleo, ilhali hatuna. Hapa ndipo naiona thamani ya kompyuta katika masomo ya sanaa. Inamrudisha mwanafunzi kwenye maandishi akiwa na swali mkononi, na jibu halipatikani mpaka asome.

Kiswahili kina ugumu wake, na ni ugumu wenye manufaa. Maneno yetu hubadilika mbele na nyuma, kwa hiyo ukitafuta “kulima” utawapata wakulima wa Azimio, lakini utakikosa kilimo chao. Ukitafuta “lim” utakipata, lakini kitakuja pamoja na walimu na elimu. Mwanafunzi lazima achambue mwenyewe, na katika kuchambua huko anajifunza sarufi na historia kwa pamoja.

Shule yenye kompyuta moja tu isisubiri maabara. Mwalimu achape mistari ya neno moja kwenye karatasi, kila kundi lipewe neno lake pamoja na nakala nzima ya Azimio, kisha waeleze kwa nini neno hilo limejaa sehemu moja na kuadimika nyingine.