Siri ya biashara: kipi useme, kipi ubaki nacho

Huku Tanga kazi yangu kubwa ni mikataba ya wajasiriamali, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili, nikimwonyesha mwekezaji kitu changu si atakiiba? Anaweza kabisa. Ila ukikificha chote hakuna atakayekupa hela, kwahiyo cha kuamua ni unatoa kipi, kwa nani, na kwa mpangilio gani.

Chukulia fundi wa Ngamiani katengeneza mashine ndogo ya kuchakata mkonge, inatoa singa safi na haili mafuta. Kikao cha kwanza aonyeshe matokeo tu, singa ziwe mezani mtu azishike azivute, aambiwe kilo ngapi kwa saa na dizeli lita ngapi, basi. Visu vimekaa pembe gani, ngoma inazunguka kasi gani, hayo yasubiri mkataba wa kutunza siri usainiwe, tena utaje siri zenyewe, maana ile mikataba ya kukopi inayosema "taarifa zote" huleta ubishi baadaye. Michoro iandikwe SIRI, na mwenye kuipokea asaini na tarehe. Sio urasimu huo jamani! TRIPS, ule mkataba wa kimataifa wa haki miliki, ibara ya 39 inalinda siri ambayo mwenyewe kachukua hatua za kuitunza, sasa kama uliirusha kwenye grupu la WhatsApp utamwambia nini hakimu?

Akitaka hataza, yaani haki ya kisheria ya kummilikisha uvumbuzi wake (patent), ombi liende kwanza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ndo maonyesho yafuate, kwa sababu uvumbuzi lazima uwe mpya na video moja mtandaoni inaweza kukuharibia. Na ajue hataza yenyewe inamtaka aeleze jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Halafu kuna kutangaza makusudi, na hii watu wengi hawaijui. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walianza jarida lao mwaka 1958, wakawa wanachapisha uvumbuzi ambao hawakuuombea hataza ili mwingine asije akajimilikisha. Tesla nao mwaka 2014 walisema hawatamshtaki anayetumia hataza zao kwa nia njema, walitaka soko la magari ya umeme likue. Fundi wetu naye anaweza kuachia vipimo vya fremu na beringi, mafundi wa Muheza na Korogwe wakaweza kuitengeneza ikiharibika, wakulima wakaiamini, huku namna anavyochoma chuma cha visu mpaka kikawa kigumu ikabaki kwake. Mimi ningemshauri hivyo, mradi wasaidizi wake wa karakana nao wawe wameshasaini.