Mashine Haijasema ni Sensa: Dhana Potofu Kuhusu Misimbo ya Sensa ya Oksijeni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alifika gereji kwangu hapa Tabora mjini akiendesha Toyota Spacio ya mwaka 2002 kutoka Urambo, na hata kabla hajazima injini alikwisha kunikabidhi boksi dogo lenye sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi na kupima oksijeni iliyomo katika moshi, aliyoiagiza Dar es Salaam na kuipokea kwa basi. "Fundi, wewe nifungie tu hii, mashine imeshasema ni sensa," aliniambia. Ilikuwa sensa ya pili katika miezi miwili, na taa ya injini ilikuwa ingali inawaka. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kupita kiasi, kwa wenye magari na, jambo linaloniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu, ndiyo maana nimeona niyaandikie.

Mashine ya kusomea hitilafu haisemi hivyo; hutoa msimbo tu, yaani namba ya hitilafu. Msimbo hutaja kile ambacho kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekiona, wala hautaji sababu yake. Gari la mwalimu lilikuwa na msimbo P0171, yaani mchanganyiko una mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, na kompyuta imeongeza mafuta hadi ikafikia ukomo iliowekewa. Aliyepeleka taarifa hiyo ni sensa ya oksijeni, na sensa iliyotoa taarifa ya kweli haina kosa lolote. Kuibadilisha ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga yowe la mwizi.

Kabla ya kushika spana, fungua data kwenye mashine na uitazame sensa ikifanya kazi. Sensa ya kawaida ya zirkonia, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, hutoa takribani volti 0.1 inapokuta oksijeni nyingi katika moshi na takribani volti 0.9 mafuta yanapozidi, na iliyo nzima haitulii, bali hupanda na kushuka ikivuka volti 0.45 kila mara. Sensa ya mwalimu, ile ile aliyotaka niitupe, ilikuwa ikicheza vizuri kabisa. Kilichonishtua ni marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza, ambayo yalisimama kwenye asilimia 24 za nyongeza, wakati katika gari lenye afya hayapaswi kuvuka 10 kwenda juu wala chini. Nilimwomba akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, na nyongeza ile ikaanza kupungua. Hiyo ni dalili ya hewa inayoingia mahali pasipopimwa, kwa sababu tundu likiwa lile lile, hewa yake huonekana nyingi injini inapopumua kidogo na huwa si kitu injini inapopumua kwa nguvu. Kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta iliyochoka au filta iliyoziba, nyongeza ingezidi kadiri injini inavyobebeshwa mzigo.

Nilikunja kwa mkono bomba la mpira lililo kati ya sensa inayopima hewa inayoingia na throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Upande wa chini, usioonekana ukisimama mbele ya gari, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, uliofumba injini ikiwa imezimwa na kufumbuka kila ilipotikisika, na ndani yake palikuwa na mstari wa vumbi jekundu lililofyonzwa njiani. Tulibadilisha mpira, nikarudisha nyongeza kwenye sifuri, na baada ya kuzunguka mjini kwa nusu saa ilisimama kwenye asilimia 3. Sensa aliyokuja nayo aliirudisha nyumbani ndani ya boksi lake, kwa sababu dukani kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi.

Kuna uvujaji mwingine unaopotosha zaidi, nao ni wa ekzosi mbele ya sensa. Wengi huamini kwamba ekzosi iliyotoboka hutoa moshi nje tu. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba hufyonza hewa ya nje kupitia kitobo hicho hicho. Sensa huikuta oksijeni hiyo na kuripoti kwamba mafuta ni machache, kisha kompyuta huongeza mafuta ambayo injini haikuyahitaji. Gari linakunywa petroli, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya chungu, na bado msimbo unasema mafuta ni kidogo. Ukiona mkanganyiko huo, tafuta alama nyeusi kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi na kwenye viungo vilivyochomelewa, hasa kwa magari yanayopita barabara za vumbi zenye mawimbi. Plagi au koili isiyochoma huleta uongo wa namna hiyo hiyo, kwa kuwa oksijeni ambayo haikuungua hupita na kuifikia sensa.

Wenye magari ya kabla ya mwaka 1996 hivi, yale ya Toyota ambayo fundi huunganisha kwa waya pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi ili kuhesabu mimweko ya taa ya injini, nao hawajanusurika na dhana hii. Msimbo 25 husema mafuta ni kidogo na 26 husema yamezidi. Hakuna hata mmoja kati yake unaosema sensa imekufa. Msimbo 21 unahusu sensa yenyewe, lakini pamoja na nyaya zake na hita yake.

Kuhusu hita, msimbo P0135 unasema kuna hitilafu katika njia ya umeme ya hita ya sensa ya mbele, na njia hiyo ina fyuzi, waya na soketi. Pima kwa multimita kama umeme wa betri unafika injini ikiwaka, kisha pima hita yenyewe ikiwa baridi. Nyingi za Denso husoma ohm 11 hadi 16 kati ya nyaya mbili nyeusi. Nimewahi kukuta ni fyuzi tu iliyoungua.

Wapo wanaoamini kwamba kuchomoa betri ni matengenezo. Kunafuta msimbo, na pamoja nao kunafuta kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto, mwendo na mzigo, ambayo kwa fundi ni nusu ya kazi. Nawasihi wateja wangu wote wawe na daftari ndani ya gari na waandike msimbo, tarehe na kumbukumbu hiyo kabla mtu yeyote hajafuta chochote.

Kuisugua sensa kwa brashi ya waya au kuilowesha petroli hakuifufui. Unga mweupe kwenye ncha yake kwa kawaida ni silikoni, mara nyingi kutokana na gundi ya gasketi isiyofaa kwa sensa, na sumu hiyo haioshwi. Msimbo P0420 nao si amri ya kubadilisha sensa ya nyuma. Sensa hiyo inaripoti tu kwamba masega ya ekzosi (katalisti) hayasafishi moshi tena, na aliyeyang'oa masega asitarajie sensa mpya izime taa. Sensa ya kuokota kwenye injini iliyofumuliwa inaweza kuingia kwenye soketi vizuri kabisa na bado isifae, kwa kuwa ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta hufanya kazi kwa namna tofauti na ya zirkonia ya kawaida.

Sensa hufa kweli, hasa kwa gari kongwe linalokula oili. Ili kuthibitisha, ikiwa imeshapata moto, kanyaga mafuta ghafla na uangalie kama inaruka haraka hadi karibu volti 0.9, kisha chomoa bomba dogo la hewa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa na uangalie kama inaanguka hadi karibu 0.1. Ikikataa yote mawili, au ikijikokota, na nyaya zikiwa nzima, hapo ndipo mimi huagiza mpya, na huagiza yenye soketi yake, kwa sababu sensa nyingi hupumua hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi ya kuunganishia huiziba njia hiyo.