Vidonda vya kulalia: usisubiri wekundu

Julai huku Uyole, Mbeya, baridi inauma, na mgonjwa aliyepooza huvikwa sweta, soksi mbili na blanketi mpaka kidevuni. Nesi ukifika unaambiwa, "Amelala vizuri, tusimsumbue." Siku hiyo niliomba tumgeuze hivyohivyo. Binti yake alikuwa amemwogesha, shuka inanukia sabuni. "Nesi, mgongo wa baba uko safi, sijaona wekundu wowote."

Kweli haukuwapo. Lakini nilipoweka mgongo wa kiganja pale juu ya makalio, mfupa unapotokeza, palikuwa na joto kuliko pembeni, tena pagumu kama parachichi lililochumwa jana.

Kwamba kidonda lazima kianze na wekundu ni dhana iliyotuponza sana. Kwenye ngozi nyeupe wekundu huonekana. Kwenye ngozi yetu hujificha. Sehemu inaweza kuwa nyeusi kuliko jirani yake, au isionyeshe chochote. Kwa hiyo mkono uyasaidie macho. Fungua dirisha, mwanga wa mchana uingie, kisha gusa: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekakamaa, au panabonyea kama tope? Mgonjwa anakunja uso? Linganisha na upande wa pili. Ukiona zambarau iliyokolea na ngozi haijachanika, usifurahi: nyama ya ndani huenda imeshaumia.

"Kidonda ni uchafu." Majirani husema hivi wakishatoka nje, na binti anayasikia. Ukweli ni kwamba mfupa na godoro vinaibana nyama katikati, mishipa midogo inazibwa, damu haifiki, nyama inakufa. Mtu anaweza kuogeshwa mara mbili kwa siku na bado akapata. Unyevu wa mkojo na jasho hulainisha ngozi ikachubuka upesi, ndiyo maana pampasi haiachwi ikalowa, lakini tusimtwishe anayeuguza kosa la mfupa na godoro.

Halafu kuna kata. Kwa kuwa tumezoea kubeba ndoo kwa kata, mtu anakunja kanga duara na kuiweka chini ya makalio ya mgonjwa, eti mfupa uelee. Inaingia akilini, lakini ukingo wa duara lile unabana pande zote, damu ya kwenda katikati inapungua, na katikati penyewe panavimba. Matairi ya kupuliza ya kukalia yana kasoro hiyohiyo. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino nayo haisaidii. Weka mto chini ya kigimbi kwa urefu wake, kisigino kining'inie, kiganja chako kipite chini yake bila kugusa.

Kusugua kwa spiriti "ili damu ichangamke"? Hapana. Spiriti hukausha ngozi, na kusugua juu ya mfupa huumiza mishipa iliyokwisha dhoofika.

"Tumgeuze kila baada ya saa mbili, basi." Ni mwanzo mzuri, ila si amri. Kama ukimgeuza unakuta alama isiyofutika, saa mbili kwake ni nyingi. Godoro la sponji lililobonyea mpaka unahisi mbao nalo hupunguza muda huo. Na namna ya kumgeuza ina uzito wake: usimlaze moja kwa moja juu ya nyonga, mwegemeze nusu, kama nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo. Kumpandisha juu kitandani, watu wawili wamnyanyue kwa shuka, wasimburute. Aliyekalishwa kwa mito akaserereka huumia vibaya zaidi, maana ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukiteleza ndani.

Wanaouguza wodini wameshasikia habari za alama za Braden, kipimo cha hatari ya kupata vidonda hivi kilichochapishwa mwaka 1987 na Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani. Hupima hisia, unyevu, kutembea, kujigeuza, lishe na msuguano. Ndugu akiambiwa "mzee ana 12" hudhani ni nafuu kuliko 20. Ni kinyume chake, kama mtihani wa shule: alama ni kuanzia 6 hadi 23, na kwa kawaida 18 kushuka ni hatari.

Uji mtupu hautoshi. Ngozi hujengwa na protini. Maharage, mayai, maziwa, dagaa, vyote hivi sokoni Mwanjelwa vipo.

Tulimwegemeza baba yule ubavu wa kushoto, nikachukua mkoba niondoke, ndipo nikakumbuka soksi. Katika baridi hii hakuna anayezivua, na baada ya pale juu ya makalio, visigino ndivyo hufuata kwa kupata vidonda. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikagoma kidogo. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge lenye damu, kubwa kama sarafu.

"Hata hakulalamika," binti akasema. Mguu ule haukuwa na hisia tangu apate kiharusi.

Lengelenge hatukulipasua. Tukaweka mto chini ya kigimbi, nikampigia daktari, na mguu tukaufunika kwa kitenge kilicholegea.