Bachiller wa Peru si bachiller wa Hispania

Kosa lililonifunza kazi hii ya kutafsiri vyeti vya Kihispania kwa Kiingereza nililifanya kwenye neno moja. Mteja alitoka Peru, naye alikuwa na karatasi ya chuo kikuu iliyoandikwa grado académico de bachiller. Mimi Kihispania changu nimekisoma kwa vitabu vya Hispania, na huko bachiller ni kijana aliyemaliza bachillerato, ile miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kuanzia umri wa miaka 16 hadi 18. Sisi tungesema kamaliza kidato cha sita. Basi nikaandika "high school diploma" bila hata kusita, na nembo ya chuo kikuu iko pale juu inanitazama.

Peru, bachiller ni mtu aliyemaliza chuo kikuu akatunukiwa shahada ya kwanza. Mteja alijua Kiingereza, akaisoma tafsiri kabla hajaipeleka kokote, akanipigia simu kuniuliza kwa upole chuo chake kimeenda wapi.

Tangu siku hiyo kamusi naifungua mwisho. Kwanza nauliza: nchi gani, mwaka gani, na huyu mtu alikuwa na umri gani alipopewa karatasi hii? Umri ndio unaonisaidia kuliko vyote, maana majina ya ngazi za elimu hubadilika kila serikali inapotunga sheria mpya, ila mtoto wa miaka 12 ni wa miaka 12 popote pale.

Chukua secundaria. Fomu imeandikwa secundaria completa, na mfasiri mwenye haraka ataandika "secondary school completed", akaendelea na mstari unaofuata. Kama mwenye fomu ni wa Peru, hakuna ubaya: secundaria yao ni miaka mitano, na akiimaliza anaweza kuomba chuo kikuu. Meksiko secundaria ni miaka mitatu tu, na anayeimaliza ni mtoto wa miaka 15 hivi. Bado ana miaka mingine mitatu ya preparatoria mbele yake. Kwa hiyo ya Meksiko naiandika "lower secondary", au "middle school" kama msomaji ni Mmarekani. Na preparatoria yenyewe ole wako uiite "preparatory school": Mwingereza akisikia hivyo anawaza shule ya kulipia ya watoto wasiozidi miaka 13, na Mmarekani anawaza sekondari ya watoto wa matajiri. Naiita "upper secondary", neno lisilo na ladha, lakini halimdanganyi mtu.

Colegio nalo wengi wanaliandika "college". Mara nyingi ni shule tu, pengine ya watoto wenye miaka sita.

Neno linaloninyima usingizi kweli ni licenciatura. Meksiko ni shahada ya kwanza, unaandika "bachelor's degree" na unalala. Hispania ina historia ndefu zaidi. Kabla nchi za Ulaya hazijapatana kufuata mfumo mmoja wa shahada, ule wa Bologna wa mwaka 1999, Hispania ilikuwa na diplomatura ya miaka mitatu na licenciatura ya miaka minne au mitano. Amri ya mwaka 2007 ikaleta grado, ambayo kwa kawaida ni miaka minne, krediti 240. Wenye vyeti vya zamani wakabaki wanauliza wao wako wapi, na mwaka 2014 serikali ikaweka utaratibu wa kuvipanga: diplomatura zikawekwa ngazi ya pili, sawa na grado, na licenciatura ngazi ya tatu, sawa na máster.

Sasa mimi niandike nini? Nikisema "bachelor's", nimemshusha mtu ambaye nchi yake imempandisha. Nikisema "master's", nimeandika neno ambalo kwenye karatasi halipo. Ninachofanya ni kuliacha neno Licenciatura kama lilivyo, kisha naweka maelezo mafupi ya mfasiri kwamba ni shahada ya chuo kikuu ya miaka mitano, ikiwa hati yenyewe inaonyesha mitano. Diplomatura nayo naiacha hivyohivyo, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuwe waangalifu kuliko wengine, kwa sababu sikio letu likisikia diploma linawaza stashahada. Wauguzi na walimu wa shule za msingi wa Hispania walisomea diplomatura chuo kikuu.

Wateja wengine hawapendi jibu hilo. "We andika master's tu, nani atajua?" Atajua mtathmini. Marekani kuna mashirika ambayo kazi yake ni kupima cheti cha nje kinalingana na nini kwao, na Uingereza wana UK ENIC. Kulinganisha ni kazi ya hao. Mimi natia saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na saini hiyo haina mahali pa kuandika kwamba mteja alinibembeleza.

Vyeti vya wazazi vina raha yake. Mhispania aliyesoma miaka ya 70 ana Graduado Escolar, cheti cha kumaliza EGB, elimu ya msingi ya miaka minane iliyoletwa na sheria ya mwaka 1970, kuanzia miaka 6 hadi 14. Mkenya wa 8-4-4 anaelewa papo hapo: huyo kamaliza darasa la nane. Mmarekani ukimwambia "elementary school" anakata miaka miwili au mitatu, basi namwandikia miaka yenyewe kwa tarakimu.

Kwenye matokeo, kidogo tu: suspenso ni kufeli somo. Niliwahi kuhariri tafsiri ambayo mwanafunzi mmoja alikuwa "suspended" kwenye kemia na hesabu. Maskini, alipata 4 kwa 10, lakini kwa Kiingereza hicho ungedhani kapigana na mwalimu.

Leo mezani nina carta de pasante ya Meksiko. Kamusi inasema pasante ni "intern", yaani mtu aliye kwenye mafunzo kazini. Kwenye barua hii ni mtu aliyemaliza masomo yote ya licenciatura, lakini cheti chenyewe, título, hajakipata. Nimeandika "letter certifying completion of coursework, degree not yet conferred". Fomu ya mteja ina nafasi ya maneno matatu. Nitambana humo kwa herufi ndogo.