Kaza kiatu, acha mafuta

Jumanne asubuhi, mama wa nne ndani ya wiki mbili. Anamlaza mtoto kitandani, anafungua kiatu, na kabla hajasema neno harufu imeshanifikia: mafuta ya mgando. Kisigino kinang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai sasa hivi. Juu ya mafuta imemwagwa poda, poda imegeuka uji, na chini ya uji kuna lengelenge limepasuka, upana wa sarafu ya mia.

"Vilikuwa vinambana, dokta. Nikalegeza matundu mawili. Halafu mama mkwe akasema nimpake mafuta visimkwaruze."

Mimi si daktari. Ni fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, nimesomea Moshi pale TATCOT, na viatu hivyo, vya watoto waliozaliwa na mguu kifundo (unyayo uliopinda kwa ndani), nimevishona kwa mkono wangu. Lakini Mwanza ukivaa koti jeupe wewe ni dokta, nimeacha kubishana. Nilichochoka ni kuyarudia maneno haya haya kila Jumanne, kwa hiyo leo nayaandika, na kuanzia sasa nitakuwa natuma kiungo kwa wasapu na kuendelea kushona.

Kisigino kikichubuka kwa nyuma, kiatu kimelegea. Kaza. Na usipake kitu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo.

Habari za mguu kifundo wenyewe sizirudii, kliniki mmeelezwa. Mtoto kashafungwa POP, yaani plasta ngumu, za kila wiki, tano au sita, wengi wakakatwa mshipa wa kisigino (ile kano ya nyuma, si mshipa wa damu), wakakaa na POP ya mwisho wiki tatu. Sasa yuko kwenye viatu vyenye chuma katikati: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku na usingizi wa mchana mpaka afike miaka minne au mitano. Njia yote hii ni ya Ignacio Ponseti, daktari aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Viatu vyetu ni mtindo wa Steenbeek, uliozaliwa hapo ng'ambo ya ziwa, Uganda: ngozi, uzi, na chuma ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anakiweza. Mwisho wa historia.

Turudi kwenye mkanda.

Mama mkwe hana roho mbaya. Mtu mwenye huruma akiona mguu wa mtoto umebadilika rangi, mkono wake wa kwanza unakwenda kulegeza. Lakini muulize mvuvi yeyote pale Kirumba ni lini kasia linamtoa malengelenge. Si pale alipolishika sawasawa. Ni pale mkono umechoka, umelowa, kasia linacheza ndani ya kiganja. Baba mmoja mvuvi nilimweleza hivyo nikiwa sijamaliza sentensi akasema, "Kumbe mguu unapiga makasia humo ndani." Tangu siku hiyo mtoto wake hajarudi na kidonda.

Ndivyo ilivyo. Mtoto anapiga mateke. Ukilegeza mkanda wa katikati, ule unaopita juu ya unyayo, kisigino kinapata nafasi ya kupanda. Kila teke kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kama mchi kwenye kinu, na ukuta wa nyuma wa kiatu ndio kinu. Hesabu mateke ya saa 23. Kiatu kilichokazwa vizuri hakisugui kwa sababu hakuna kinachotembea.

Sasa ongeza mafuta. Tatizo letu lilikuwa mguu kuteleza, na sisi tumeupaka kitu cha kuutelezesha. Ngozi iliyolowa mafuta na jasho chini ya bati la Igoma saa nane mchana inalainika kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na ngozi laini huchunika upesi. Isitoshe (hapa naongea kama mshonaji, mnisamehe) ngozi ya kiatu nayo inakunywa mafuta, inalegea, inapanuka. Wiki tatu baadaye unaniambia kiatu ni kikubwa. Si kikubwa, umekikaanga.

Samli, mafuta ya nazi, alovera: jibu ni lile lile. Zile krimu za tyubu za duka la dawa zinazojisifu kutibu kila kitu kwa pamoja, nyingi zina steroidi, na steroidi ikipakwa siku nyingi inafanya ngozi kuwa nyembamba. Ndani ya kiatu hatutaki ngozi nyembamba.

Na GV, ile dawa ya maji ya zambarau. Ndugu zangu, GV! Ukimpaka mtoto GV umepiga rangi ukuta wenye ufa halafu unaniita nije kuangalia ufa. Sioni chochote, kila kitu zambarau.

Hapa kuna jambo la kuona ambalo linanikera kuliko mafuta. Vitabu nilivyosomea vyote vinaandika "tazama alama nyekundu". Nyekundu kwa nani? Watoto ninaowaona mimi wengi ni weusi, na alama ya hatari kwao haiji na wekundu wa kitabuni. Inakuja na weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au kipande kinachong'aa kuliko ngozi ya jirani yake. Mama anaambiwa aangalie wekundu, anaangalia kila siku, hauoni, anafurahi, siku ya nne lengelenge hilo. Kwa hiyo fanya hivi: vua kiatu, weka mgongo wa mkono wako kwenye kisigino, kisha kwenye paja. Kisigino kikiwa cha moto kuliko paja, au kigumu, au mtoto akiuvuta mguu ukigusa pale, basi pamesuguliwa hata kama macho hayaoni kitu. Alama ya kawaida ya kiatu inatakiwa ipotee ndani ya nusu saa hivi bila kiatu. Nusu saa hiyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha, ila nakiri kwamba kwa mtoto mweusi ti huwa sijui kama alama imepotea kweli au jicho langu limechoka kuitafuta. Ndiyo maana naamini mkono zaidi.

Sasa msije mkatoka hapa mkakaza kila kitu. Nimesema kisigino, kwa nyuma. Mahali pa kidonda ndipo penye habari. Alama ikiwa juu ya unyayo, chini ya mkanda, hapo kweli ni kubanwa, na mara nyingi kosa ni ulimi wa kiatu kujikunja au ukingo wa mkanda kukaa vibaya. Nyoosha ulimi, usilegeze kwanza. Ikiwa katikati ya vidole, kumenyauka na kutoa harufu, hiyo ni unyevu, pengine fangasi. Kausha, na onyesha kliniki. Vidole vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, legeza mara moja, huu si muda wa kusoma blogu. Bonyeza ukucha wa kidole gumba uwe mweupe, achia. Damu irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Ikichelewa, umezidisha.

Na ukaze kiasi gani? Ningependa kuwapa kipimo, sina. Ni mkono. Ninachoweza kuwapa ni alama ya biro. Siku ya kwanza, kisigino kikiwa kimekaa chini kabisa, chora mstari ndani ya kiatu pale vidole vinapoishia. Siku zote vidole viwe kwenye mstari au viupite. Vikirudi nyuma ya mstari, kisigino kimepanda, hata kama mkanda unauona umekaza. Kwenye viatu vyetu pia nimeacha tundu nyuma, chini, la kuchungulia. Ukichungulia ukaona giza badala ya ngozi ya mtoto, fungua uanze upya. Namna ya kuvalisha: kunja goti kwanza, msuli wa nyuma ulegee, sukuma kisigino chini na nyuma, funga mkanda wa katikati, ndipo uje kwenye kamba. Wengi huanza na kamba kwa sababu ndivyo tunavyovaa viatu vyetu sisi. Ukianza na kamba kisigino kinafungiwa kikiwa juu, na hakishuki tena.

Soksi: pamba, moja, ndefu kupita ukingo wa kiatu, kavu. Ikilowa jasho badilisha, hata mara tatu kwa siku, joto la hapa tunalijua. Siku mbili za mwanzo baada ya POP, ngozi ikiwa bado changa, unaweza kuvalisha mbili. Usiendelee hivyo mwezi mzima, maana soksi mbili nazo zinateleza, moja juu ya nyingine.

Kuhusu kilio. Siku mbili za kwanza atalia, na analia kwa sababu miguu imefungwa pamoja, si lazima iwe maumivu. Shika chuma, kipeleke mbele na nyuma, umchezeshe mpaka ajue kupiga teke kwa miguu yote miwili. Kilio kinachonitisha mimi ni cha mtoto aliyekwisha zoea viatu wiki tatu, halafu usiku mmoja anaanza upya. Huyo mvue umwangalie.

Ngozi ikiwa imekwishachanika, osha kwa maji safi, kausha, weka gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) nyembamba kavu, piga simu. Neno ninalolichukia ni "nikaviacha kwanza mpaka kidonda kikauke". Kidonda kinakauka, ndiyo, na mguu unarudi ulikotoka, halafu kiatu kinachorudishwa hakiingii vizuri, kinasugua, na kidonda kinakuja tena. Kama ngozi haivumilii kiatu hata kidogo, mara nyingi tunamrudisha kwenye POP wiki moja au mbili, mguu ukae ulivyonyooshwa huku ngozi ikipona. Kwa hiyo njoo. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 kisingizio cha kivuko kimekwisha. Wa Ukerewe, mlio kisiwani, nawaelewa, piga simu kwanza.

Nikiwataja wa Ukerewe lazima niseme na hili, ingawa silipendi. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado na kiburi cha chuo, alikuja mama kutoka huko, mtoto ana kidonda kisigino cha kulia. Nikamwambia kaza. Akarudi, kidonda kimekua. Nikamwambia hukazi, nikamwambia mbele ya watu. Mara ya tatu nikakaza mwenyewe, kwa mikono yangu, nikachungulia tundu la nyuma. Giza. Nikavua, nikaupandisha unyayo juu, ukagoma. Mguu ukitoka kwenye POP unatakiwa upande juu angalau nyuzi 10 hadi 15. Ule haukufika hata tano. Mshipa ulikuwa bado umevuta, kisigino kisingeshuka kwa mkanda wowote duniani. Kumbe kosa lilikuwa letu tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimemkazia mama badala ya kuangalia mguu. Niliomba radhi, kwa sauti ndogo kuliko ile niliyomgombezea.

Kwa hiyo ukikaza sawasawa, mstari wa biro unaufuata, na bado kisigino kinapanda, usijilaumu na usikubali kulaumiwa. Sema: naomba mguu upimwe, si kiatu. Iko pia miguu mifupi minene, kama kiazi, yenye mkunjo mzito unaokata unyayo kwa chini. Hiyo huteleza kwenye kila kiatu nilichowahi kushona. Baadhi yake nimeiwekea kipande cha sponji juu ya kisigino, baadhi kikasaidia, baadhi kikaongeza joto tu. Bado najaribu.

Yule wa Jumanne mguu wake ulikuwa umenyooka vizuri, nilipima kwanza, siku hizi napima kwanza. Tuliosha mafuta kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tukakausha, tukaweka gozi. Soksi zilikuwa za mtumba wa Mlango Mmoja, pamba safi kabisa, ila zina mshono mnene unaokaa juu ya kisigino. Tukazigeuza, mshono ukawa nje. Tundu la tatu lilikuwa linalegea, la nne linabana, nikatoboa jingine katikati yao. Vidole vikagusa mstari. Mtoto akalia dakika tano, akanyonya, akalala.

Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa nje na kapu la pampasi, aliingia, akamwinamia mjukuu, akapitisha kidole chini ya mkanda. Kidole hakikupita.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, huku mkono ukitafuta pa kufungulia, "mbona umemkaza hivi?"

Nikamvutia kiti.