Sedani na minivani: dhana potofu kuhusu nafasi ya abiria na raha ya viti

Anayetafuta gari la familia hakosi kuambiwa achukue minivani, lile gari la paa la juu lenye safu tatu za viti, maana humo nafasi si tatizo. Wapenzi wa sedani, gari la chini lenye buti lililotengwa, hujibu kwamba gari lao ndilo lenye viti vya maana, hilo jingine ni basi dogo. Nimepanda yote mawili, nikakaa mbele, katikati na nyuma kabisa, na miguu yangu mirefu hainiruhusu kudanganywa upesi. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Dhana: Minivani ina nafasi kubwa ya miguu kuliko sedani yoyote

Tuchukue namba zilizotangazwa kwa magari ya mwaka 2018 yaliyouzwa Marekani. Safu ya pili ya Honda Odyssey, ambayo ni minivani, ilipewa inchi 40.9 za nafasi ya miguu. Kiti cha nyuma cha Honda Accord, ambayo ni sedani, kilipewa inchi 40.4. Tofauti ni nusu inchi, yaani kama milimita 13, haifikii hata upana wa kidole gumba. Ukirudi hadi safu ya tatu ya Odyssey unakuta inchi 38.1, wakati nyuma ya Toyota Camry kuna 38.0. Kwa karatasi, basi, abiria wa Accord anamshinda aliye safu ya mwisho ya Odyssey, na wa Camry anatoshana naye.

Ukikaa ndani, mambo yanageuka. Nafasi ya miguu haipimwi kutoka gotini hadi kiti cha mbele, ingawa wengi wetu ndivyo tunavyoielewa. Kwa utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari, mstari huvutwa kutoka kifundo cha mguu hadi kwenye nyonga ya mtu wa mfano, kisha huongezwa milimita 254. Ni mstari wa mshazari. Kiti cha mbele kikiwa na uwazi chini yake, unyayo unaingia humo, mstari unarefuka na namba inapendeza, huku goti likiwa bado linasugua mgongo wa kiti hicho.

Namba hiyo pia haisemi lolote kuhusu kimo cha kiti. Kwenye sedani paa liko karibu, kwa hiyo kiti huwekwa chini na miguu hunyooshwa mbele. Sakafu ikiwa juu, magoti yanapanda, mapaja yanaachana na kiti, na uzito wote unabaki makalioni. Kwenye minivani unakaa kama uliye kwenye kiti cha mezani: miguu inashuka badala ya kwenda mbele, na paja lote linapata pa kuegemea. Kwa hiyo inchi 38 za gari moja si inchi 38 za gari lingine. Mtu mrefu anaweza kusafiri vizuri zaidi safu ya pili ya minivani kuliko nyuma ya sedani yenye namba ileile.

Ila asisahau wenzake. Katika minivani nyingi safu ya pili husogezwa kwenye reli, na ukiirudisha nyuma ili ujinyooshe, umemkata miguu aliye safu ya tatu.

Dhana: Gari kubwa kwa nje ni kubwa kwa ndani

Odyssey hiyo ina urefu wa milimita 5,160 hivi, Camry 4,880. Kwa sentimita 28 za ziada minivani inaongeza safu nzima ya viti. Nafasi hiyo imetoka kwenye boneti fupi, paa lililoinuliwa na buti lililounganishwa na chumba cha abiria. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujazo unaolipia iko juu ya kichwa chako.

Si jambo baya, maana anayevaa kilemba au anayembeba mtoto hadi kwenye kiti chake huuona umuhimu wa paa la juu. Lakini hewa iliyo juu ya kichwa haikaliwi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hupanga sedani kwa ujazo wa ndani, abiria na mizigo pamoja, na sedani kubwa huanzia futi za ujazo 120. Minivani zimewekwa kundi lake pembeni, wala hazipangwi kwa ujazo. Anayelinganisha aina hizi mbili kwa futi za ujazo pekee analinganisha vitu ambavyo hata wapangaji wenyewe hawakuviweka kapu moja.

Dhana: Kiti laini ndicho cha raha

Dhana hii huuza magari mengi kuliko nyingine zote, kwa sababu mnunuzi hujaribu kiti kwa dakika tano. Sponji laini inakukumbatia mwanzoni. Baada ya saa mbili imebonyea, mifupa miwili ya makalio imegota kwenye sehemu ngumu, kiuno kimejikunja, na unaanza kugeukageuka. Kiti kizuri hugawa uzito: kinashika mapaja bila kubana nyuma ya magoti, kinajaza uwazi wa kiunoni, na kinakuacha ubadili mkao. Mara nyingi kiti cha namna hiyo huonekana kigumu siku ya kwanza.

Hapo sedani hupata ushindi usiotangazwa. Benchi lake la nyuma kwa kawaida halina kazi ya kuzama sakafuni, kwa hiyo linaweza kuwa nene. Viti vya minivani mara nyingi hukunjwa, na kiti kinachopaswa kutoweka ndani ya sakafu hakiwezi kubeba sponji ya kutosha. Chrysler walipoleta, kwenye minivani zao za modeli ya mwaka 2005, mfumo wa kuzamisha hata safu ya pili, walilazimika kuvifanya viti hivyo viwe vyembamba. Ulipata sakafu tambarare ya mizigo, ukalipa kwa mgongo.

Dhana: Sedani ni ya watu watano

Ni ya wanne na mvumilivu mmoja. Wa katikati anakalia sehemu iliyoinuka, miguu ameitanua kuikwepa nundu ya sakafuni. Watu hudhani gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halina nundu kwa kuwa halina propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, lakini nyingi bado zinayo: eksozi inapita chini yake, na bati lililopindwa hivyo huimarisha bodi.

Dhana: Mwenye kichefuchefu akae nyuma kabisa, kuna nafasi

Mpeleke huko ukiwa na mfuko mkononi. Kinachochafua tumbo ni mwendo wa polepole wa kupanda na kushuka, chini ya mara moja kwa sekunde, na safu ya tatu iko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, mahali panaponyanyuka sana gari linapopita matuta. Zaidi ya hapo, macho yake yanaona migongo ya viti badala ya barabara. Kiti cha mbele ndicho dawa, na kikikosekana, safu ya pili penye kuona mbele.

Dhana: Gari la chini ndilo rahisi kwa wazee

Mwangalie mzee akitoka kwenye sedani: anainamisha kichwa, anajiviringisha, anajinyanyua kutoka karibu na ardhi. Kiti kilicho usawa wa makalio hukaliwa na kuachwa bila kupigana nacho, na minivani nyingi ziko karibu na kimo hicho. Mlango unaoteleza nao haugongi gari la jirani.

Kwa kelele lakini, naipa sedani. Buti lake lililotengwa huzuia sehemu ya mvumo wa matairi ya nyuma, wakati minivani ni kasha moja linalovuma kote.

Ukienda kujaribu, weka kiti cha dereva kwa kipimo cha dereva wako mrefu kuliko wote, kisha kaa nyuma yake. Kwenye minivani, jaza safu ya pili kwanza ndipo uende ya tatu, na mabegi yawe ndani. Kwenye zile ndogo za watu saba, safu hiyo ikisimama, buti linabaki ufa wa kupitishia mabegi mawili matatu yaliyosimamishwa wima.