Je, mtu anaweza kufa maji kwenye maji kidogo?

Anaweza, tena maji yenyewe yanaweza kuwa machache kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto mchanga anaweza kufia kwenye maji ya kina cha sentimita 5. Mtu mzima naye anaweza kufia kwenye dimbwi ambalo akisimama halimfiki magotini. Lakini ule ujumbe unaosambazwa kila mara, kwamba kijiko kimoja cha maji kinatosha kuua, umechanganya kweli na chumvi, na hapo ndipo watu wanapoanza kuogopa kisichotisha na kupuuza kinachoua.

Tuanze na maana. Mwaka 2002 wataalamu wa masuala ya kufa maji walikutana Amsterdam, Uholanzi, wakakubaliana kwamba kufa maji ni hali ya mtu kupata shida ya kupumua kwa sababu amezama, au amefunikwa na kimiminika. Hakuna kina kilichotajwa humo, wala idadi ya lita. Hata kifo chenyewe si sharti: aliyepatwa na hali hiyo anaweza kufa, anaweza kupona na kubaki na madhara, au kupona kabisa. Swali la msingi basi ni kama pua na mdomo vimefunikwa, na kama mwenyewe ana uwezo wa kuviinua.

Ukinywa maji yakapita njia isiyo yake, unapaliwa. Unakohoa, macho yanatoka machozi, anayekaa karibu anakugonga mgongoni, yamekwisha. Kijiko kile kinachosemwa kinaishia hapo, kwa sababu uso wako uko hewani na pumzi inayofuata ni ya hewa. Aliyelala kifudifudi majini hana pumzi hiyo. Mwanzo anazuia pumzi. Ikimshinda, anavuta, na maji yanaingia. Yakigusa zoloto, yaani sehemu ya koo inayotoa sauti, misuli yake hukaza na njia ya hewa hufunga. Kufunga huko kunazuia maji yasishuke mapafuni, lakini kunazuia na hewa pia. Oksijeni inapungua kwenye damu, na ndani ya dakika moja au mbili mtu hupoteza fahamu. Misuli ikilegea, maji yanapata njia. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, huanza kuharibika.

Kwa hiyo tusifikirie kwamba mapafu lazima yajae kama mtungi ndipo mtu afe. Wengi wanaokufa maji hukutwa wamevuta maji kidogo. Mililita 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zikiingia mapafuni zinatosha kuvuruga kazi yake. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 10 hadi 30, haizidi vijiko viwili vya chakula. Sababu ni kwamba vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vina utando mwembamba wa majimaji maalumu unaovizuia visijikunje. Maji yakiusafisha au kuuharibu utando huo, vifuko vinasinyaa na oksijeni haivuki kwenda kwenye damu. Nadhani ujumbe wa kijiko ulizaliwa kwenye hesabu za namna hii, kisha ukasahau kueleza maji yaliingiaje na kwa nini mtu hakuyakohoa.

Ndoo inafundisha vizuri kuliko bahari. Mtoto wa miezi kumi au kumi na miwili anasimama kwa kushika ukingo. Anaona kitu kinaelea, anainama kukichukua. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo akivuka ukingo kidogo tu, miguu inaacha sakafu na anaingia kichwa chini. Mikono yake haina nguvu ya kujisukuma atoke. Ndoo tupu ingepinduka naye, angelia, mambo yangeishia hapo. Yenye lita 10 za maji ina kilo 10, sawa na mtoto mwenyewe au kumzidi, na haitikisiki. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani imeonya kwa miaka mingi kuhusu ndoo za galoni 5, yaani takriban lita 19, kwa sababu hiyo hiyo. Beseni la kuogea, pipa fupi na hata choo cha kukaa viko kwenye kundi moja.

Na hakuna kelele. Tunasema mfa maji haishi kutapatapa, lakini mdomo ulio majini hauiti mtu, na aliye chumba cha pili hasikii kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa watu wazima, maji kidogo huua pale ambapo kuna kitu kingine kimeshawaangusha: kifafa, ulevi, dawa za usingizi, pigo la kichwa, moyo kusimama ghafla. Mwenye kifafa hushauriwa aoge kwa bomba la mvua badala ya kujilaza ndani ya bafu lenye maji, na asifunge mlango kwa ndani. Mlevi aliyeanguka uso ukiwa kwenye dimbwi ageuzwe upesi.

Ukimkuta mtu uso wake umefunikwa na maji, mtoe, mlaze chali, ita msaada. Usimning'inize miguu juu, wala usimkamue tumbo kutoa maji. Unapoteza muda, na yaliyomo tumboni yanaweza kupanda yakaingia mapafuni. Kama hapumui, anachohitaji kwanza ni hewa. Mwongozo wa Ulaya unataka apuliziwe pumzi 5 za mwanzo, wa Marekani 2, kisha kukandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2.

Limebaki lile la mtoto aliyeogelea vizuri kisha akafa kitandani siku kadhaa baadaye, ambalo watu huliita kufa maji kukavu. Madaktari wameliacha jina hilo. Aliyevuta maji mapafuni huonyesha dalili, kwa kawaida ndani ya saa chache: kikohozi kisichokoma, kuhema haraka, kifua kubonyea anapovuta pumzi, usingizi usio wa kawaida, midomo kubadilika rangi. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama alitoka majini akitembea. Lakini aliyecheza majini jana, akalala salama na leo anakimbia huku na kule bila kukohoa, maji ya jana hayamdai kitu.